Kata kwa Mama

Katika nyumba ile neno "mama" lilipigwa marufuku, na si kwa ubaya. Mama mwenye nyumba alikwisha kufa na kuzikwa, na kila mtu alilijua hilo isipokuwa mumewe. Kumbukumbu za mzee zilikuwa zinavuja. Kila akisikia neno lile aliuliza mkewe yuko wapi. Ukimwambia kweli, alilia kilio cha siku ya kwanza, mpaka majirani wakaja kupiga hodi. Kesho yake amesahau, na msiba unaanza upya.

Aliyechoka zaidi ni binti yake wa mwisho, maana ndiye aliyekaa naye na kurithi gereji yake ya uani. Kaka mtu kazi yake ilikuwa kutoa amri kwa simu, na amri ya mwisho ilikuwa pikapu ya mzee iuzwe. Kwa hilo hakukosea, tuseme ukweli. Juzi juzi mzee alichukua ufunguo kimyakimya, akaendesha hadi sokoni kumfuata mkewe. Walimkuta ameegesha mbele ya kibanda cha zamani cha mkewe, injini inanguruma, mlango wa abiria ameshaufungua.

Muuza matofali aliyeinunua angekuja kuichukua mchana. Asubuhi binti akasema moyoni kwamba gari la baba yake halitoki pale likilia. Viungo vya mbele, zile boljoint, vilikuwa vikavu, kila likikata kona linapiga kelele za mlango wa bati. Angelipiga grisi, na angelipiga pamoja na baba yake, mara ya mwisho.

Magari ya siku hizi yameshonwa midomo. Kiungo kikikauka unang'oa, unatupa. Hili la zamani lilikuwa na nipo, vichuchu vidogo vya chuma ambavyo unavibana kwa bomba la grisi na kusukuma, mpaka grisi chakavu itoke nyeusi pembeni na mpya ifuate. Ila nipo nyingine hujificha nyuma ya gurudumu, huzioni mpaka mtu akae juu akate usukani. Kwa hiyo mzee alikuwa akilala chini, mkewe akikaa juu. Na yule mama, Mungu amrehemu, alijua mambo yote ya dunia isipokuwa kulia na kushoto. Basi wakatunga lugha yao: upande wa dereva ni "kwa baba", upande wa abiria ni "kwa mama". Binti alikua akidhani mafundi wote husema hivyo. Siku alipokwenda kujifunza gereji ya watu akapaza sauti, "Kata kwa mama!", walimcheka mpaka jioni.

Asubuhi hiyo binti alipiga jeki, akaweka magogo, akamkalisha mzee kwenye usukani. Uso wa mzee ulichanua. Binti akaingia chini na kitambaa, akafuta nipo kwanza kama alivyofundishwa, usije ukasukuma mchanga ndani.

"Kata kwa baba!"

Usukani ukazunguka vizuri. Akasukuma.

"Usipoziba ufa?" mzee aliuliza kutoka juu.

"Utajenga ukuta!"

"Usipopiga grisi?"

"Utanunua boljoint!"

Wakacheka wote wawili. Binti akajisogeza upande wa pili, na kicheko kikamwisha.

"Kata kushoto, baba."

Gurudumu likabaki palepale.

"Kushoto, baba. Upande wa pili."

Likatikisika kidogo, likarudi. "Kushoto ndiyo wapi?" mzee aliuliza, na sauti yake ilikuwa na woga.

Angeweza kutoka akakata mwenyewe. Lakini angemwondoaje baba yake kwenye ule usukani? Walishamnyang'anya ufunguo, wakamnyang'anya spana, na mchana ule wangemnyang'anya gari. Akamwambia akate kuelekea mlango ule mwingine. Mzee akafungua mlango wake, akaufunga. Kisha binti akasikia kofi, na jingine. Mzee alikuwa anajipiga kichwani.

"Sijui," alisema. "Mimi sijui tena kitu."

Hapo binti akashindwa.

"Baba. Kata kwa mama."

Usukani ukazunguka mpaka mwisho, bila kusita. Nipo ikatokeza mbele ya macho yake. Akaibana kwa bomba, akangoja alichojua kinakuja.

"Kwani mama yuko wapi?"

Machozi yalimtoka, na kwa kuwa alikuwa amelala chali, yaliingia masikioni. Uongo hakuuweza. Kumzika mama yake tena asubuhi ile hakuweza pia.

"Ametangulia, baba."

Kiti kililia kidogo. Binti alifumba macho akisubiri kilio.

"Ametangulia? Na jua lote hili?" mzee alisema. "Basi sukuma upesi tumfuate. Yule hapendi kukaa peke yake."

"Ndiyo, baba."

Akasukuma. Ikatoka nyeusi, ikafuata mpya, na ingawa kiungo kilishashiba aliendelea kusukuma, grisi ikimdondokea kifuani. Juu, mzee alikuwa bado ameushikilia usukani kwa mama, hajauachia.