Samoni wa Barabarani

Asubuhi ya kulisha mto, mto unapopewa sadaka ili ulete samaki, Nyura Valdu alijikwaa nje ya posta, na bakuli zima la uji wa mtama na matunda ya porini likamwagika barabarani. Kwa Waulchi, wavuvi wa ukingo wa mto Amur, sadaka ikishamwagwa haizolewi. Basi watu wakaomba palepale kwenye vumbi, wakarudi makwao kuandaa nyavu.

Juma lililofuata samaki samoni walipanda kwa barabara badala ya mto. Walielea hewani usawa wa kifua, wakipiga mikia taratibu, wakielekea juu kutaga mayai kama kila Septemba. Watu waliwapisha. Kaluga mmoja, samaki mkubwa kuliko wote wa mto ule, mrefu kuliko mtumbwi, alisubiri basi la shule likate kona ndipo akaendelea.

Nyura alifurahi waziwazi, na nani angemlaumu? Mumewe Pavel alikufa misimu mitatu nyuma, na karamu ya mwisho ya kumuaga haifanyiki bila samoni aliyekaushwa kwa mkono wa mkewe. Mpaka ifanyike, marehemu yuko njiani na njaa yake. Lakini kule mto unakoingia baharini kampuni moja ilikuwa imeziba maji kwa nyavu, ukingo hadi ukingo, na chanja za Nyura za kukaushia hazikuwa zimeona samaki tangu msiba.

Akanyoosha mkono, akamkamata jike mmoja mnene.

"Mwachie huyo, mama," akasema Gennady, mkaguzi wa uvuvi. "Kibali chako kinasema mtoni."

"Mtoni hakuna samaki, mwanangu."

"Hayo ni ya mto. Mimi naongelea kibali."

Lonya, shemeji yake Nyura, akaangua kicheko. "Gennady, acha vituko! Samaki kamfuata mwenyewe hadi mlangoni. Unataka amfukuze mgeni?"

"Na wewe mguse uone. Boti yako naondoka nayo leo leo."

Lonya akarudi nyuma hatua moja; boti ndiyo iliyomlisha. Nyura akafungua mikono. Samaki akajitikisa, akashika njia.

Kabla ya Jumapili malori ya kampuni yalifika. Vijana wake walifunga nyavu kwenye nguzo za umeme upande wa chini wa kijiji, ua hadi ua. Wao walikuwa na kibali cha barabara, mhuri wake bado mbichi. Gennady aliwashikia ngazi. Tangu hapo barabarani walipita mbwa na baiskeli tu.

Ndugu walikuwa wamekwisha kufika kutoka mbali kumuaga Pavel, na karamu haikuweza kuahirishwa tena. Nyura alikwenda dukani akanunua samoni wa kopo, kopo lenye jina la kampuni ile ubavuni. Alikaa mbele ya moto wa marehemu, ambao humpelekea chakula chake, akalia kidogo, akafuta pua, akaanza kuulisha moto kijiko kwa kijiko.

"Kula hivyohivyo, Pavel," alisema. "Ni wa kwetu hawa, ila wamepitia kwa watu."