Lugha ya Kando ya Kitanda

Mwanangu January alipokuja kwangu Mkunya na mabati mapya kumi na mawili bila kuombwa, nilijua nakufa.

Misimu mitatu ya mvua nilimlalamikia juu ya paa lile. Kila mwaka alikuwa na jibu lake: mara ada za watoto, mara pikipiki imekufa injini, mara nivumilie korosho zitoke. Leo ghafla yuko juu ya nyumba yangu na fundi, anapigilia misumari, na kila baada ya muda anachungulia chini kuniuliza kama nimekula. Mtoto wangu namjua. Hana desturi ya kuuliza nimekula nini. Akiuliza, ujue kuna jambo.

Mambo yalianzia Masasi wiki mbili nyuma, kwenye chumba cha daktari. Nilikuwa na uvimbe shingoni, chini kidogo ya sikio, mkubwa kama korosho. Haukuwa unauma. January alitoka Nanganga, ambako ni mtendaji wa kijiji, tukakutana hospitalini. Daktari alikuwa kijana mpole, akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba. Kisha nikajitia kimbelembele. Nikamwambia, "Huyu ni mwanangu. Ni mtendaji, amesoma."

Hapo hapo daktari akageuza kiti, akamtazama January, akaanza Kiingereza. Aliongea kirefu, akinyoosha kidole kwenye shingo yangu mara mbili. January akatikisa kichwa, akasema yesi. Daktari akaendelea, January akasema yesi tena. Nilizihesabu, zilikuwa tano. Tulipotoka nikamuuliza amesema nini.

"Ni uvimbe tu, mama. Ameandika vidonge. Tutarudi."

Maneno ya dakika kumi yakawa ya pumzi moja. Hata mahindi ukiyakoboa hayapungui hivyo.

Mimi mchezo huo naujua, maana nimeucheza maisha yangu yote. Jina langu Veridiana, ni Mmakua wa Lupaso. Kimakonde nilikikuta huku Newala nilipoolewa. Kiyao ninacho cha kununulia na kugombania, na Kiswahili nilikipata shuleni kwa fimbo. Marehemu mume wangu, Barnaba, alikuwa Mmakonde wa hapa hapa Mkunya, na Kimakua hakukijua hata cha kuombea maji. Alipokuja kunichumbia alikaa kwetu misimu miwili akimlimia mama yangu, ndivyo ilivyokuwa desturi yetu, na mkwe mwenye adabu hafungui mdomo mbele ya wakwe. Misimu yote miwili alilima, akala alichopewa, akatazama chini. Siku tunaondoka mama yangu alicheka, akaniambia kwa Kimakua, Barnaba akiwa palepale, kwamba bwana huyu mikono anayo lakini kichwa ni kizito, hakuambulia hata neno moja. Barnaba akaendelea kufunga mzigo.

Basi kwa miaka yote ya ndoa Kimakua kikawa sanduku langu lenye kufuli. Mdogo wangu Flora akija kututembelea, tulikaa uani tukasema tunachotaka: mawifi, mambo ya kijiji, tabia za Barnaba mwenyewe. Barnaba na January walikuwa hapo hapo wanakula, wala hawainui uso.

Na Barnaba alipougua, miaka tisa iliyopita, tuliongea hata kando ya kitanda chake. Ilikuwa Februari, palizi imepamba moto. Nilikuwa nimemuuguza miezi minne, namgeuza, namwosha, usiku silali. Jioni moja nikamwambia Flora kwa Kimakua, "Huyu hafi wala haponi, na majani yananimalizia mahindi. Heri Mungu angemchukua mapema nikawahi shamba." Aliyewahi kuuguza mtu atanielewa. Kesho yake asubuhi Barnaba akaniambia kwa Kimakonde niende zangu shamba, yeye leo hana haja ya mtu. Nikaenda. Saa sita mchana walikuja kuniita, amekwisha fariki. Tangu siku hiyo nimewasimulia watu wengi jinsi mume wangu alivyonihurumia mpaka dakika ya mwisho.

Kwa hiyo najua watu husema nini kando ya mgonjwa kwa lugha asiyoijua mgonjwa. Husema mambo ya sanda. Ndiyo sababu zile yesi tano zilinikaa kooni kuliko uvimbe wenyewe.

Baada ya mabati January akaleta godoro. Halafu samaki wa barafu waliotoka Mtwara, wakubwa, ambao mimi nikienda sokoni huwa nawatazama tu. Simu ikilia anainuka, anakwenda kuipokelea kwenye mikorosho, mgongo akiwa amenigeuzia. Nikaamua kumpima. Nikamwambia shamba la mikorosho ya bondeni nataka kumpa Flora lote. Siku nyingine angebisha mpaka majirani waje. Akasema, "Utakavyo wewe, mama."

Hilo lilinitisha kuliko mabati. January ni mbishi tangu tumboni. Mtu mbishi akikukubalia kila kitu, anakuhesabia siku.

Wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi sikuyaficha maradhi yangu, mimi ndiye niliyekuwa nafichwa. Nikaona nikiuliza kwa Kiswahili nitapewa Kiswahili cha kunilaza. Jambo lenyewe lilikuwa ndani ya Kiingereza, na huko ndiko nilikolazimika kulifuata.

Nyumba ya uani kwangu amepanga mwalimu Faudhia, binti wa Tanga, anayefundisha Kiingereza shule ya msingi. Nikampelekea sahani ya muhogo na karanga, nikamwambia nataka kusoma.

"Kwa umri huo, Mama January?"

"Umri ndio unaonisukuma."

Alianza na kiti, meza na dirisha. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi sinunui samani. Nipe sentensi moja tu: daktari, mwili huu ni wangu, niambie mimi."

Faudhia akaweka muhogo chini. Nikamsimulia yote, yesi tano, mabati, godoro. Akafikiri, akasema, "Lakini daktari huyo si Mtanzania? Mwambie hivyo hivyo kwa Kiswahili."

"Kwa Kiswahili aliniamkia tu. Mambo yenyewe aliyahamisha. Nami nitamfuata alikohamia."

Akacheka, akaniandikia kwenye daftari. Siku kumi niliisoma sentensi ile nikimenya muhogo, nikichota maji, nikifagia uwanja. Ulimi wangu ulikuwa unajikwaa pale pale kila siku, na Faudhia alinirudisha bila kuchoka. Lugha nne ninazo na hakuna niliyoitafuta. Zote zilinikuta. Hii ya tano niliitafuta kwa hofu, na hofu ni mwalimu mkali.

Siku ya kumi na moja nikampigia January, nikamsemea sentensi yangu, ila mahali pa daktari nikaweka jina lake.

"Mama, Kiingereza cha nini tena?"

"Wewe unaogopa nini nikikijua?"

Akasema mtandao mbaya, akakata. Mtandao ulikuwa mzuri. Nilikuwa namsikia mpaka kuku wa jirani yake. Nikampigia tena, nikamwambia kesho nakwenda Masasi kwa daktari, aje asije, shauri yake.

Alikuja. Nilimkuta kwenye lango la hospitali, shati limemgandia mgongoni kwa jasho na jua lilikuwa bado la asubuhi. Akanipokea kikapu. Akasema, "Mama, ngoja kwanza tuongee." Nikampita. Niliona wazi kwamba anataka kunizuia, na nikasema moyoni, leo nitajua.

Daktari alikuwa yule yule. Kabla hajageuza kiti nikasimama, nikaitoa sentensi yangu yote, bila kujikwaa. Daktari akabaki na kalamu mkononi, halafu akatabasamu, akaja kukaa mbele yangu.

"Sawa, mama," akasema kwa Kiswahili. "Mwili ni wako. Nakuambia wewe. Uvimbe huu sijui ni kitu gani. Unaweza kuwa jambo dogo, unaweza kuwa kansa. Ndiyo sababu nilimwambia mwanao akurudishe baada ya wiki moja, tukate kipande kidogo kikapimwe. Nilisisitiza tusichelewe. Leo ni wiki ya sita. Mlikwama wapi?"

Wiki moja. Nilimgeukia January. Alikuwa anatazama mizani ya kupimia uzito iliyokuwa pembeni, kama aliyeambiwa aisome. Masikio yake yalikuwa yametepeta vile yalivyokuwa akiwa mdogo akivunja chungu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa ananificha kitu. Hakuwa na kitu cha kunificha. Mwanangu mtendaji, aliyesoma, hakuelewa alichoambiwa. Katika maneno yote yale alishika moja tu, kansa, na mengine akayajibu yesi, kwa sababu mama yake alikuwa amekwisha msifu na aibu ikamziba mdomo. Akatoka pale akanizika kichwani mwake, akaenda kununua mabati.

Daktari alikuwa bado anangoja jibu. "Hakukuambia, mama?"

Mdomo ukatangulia kichwa. "Aliniambia, daktari. Mimi ndiye niliyegoma. Niliogopa kisu."

Daktari akanipa maneno kidogo, ya heshima lakini ya kuuma, kwamba wazee tunajiua wenyewe kwa uoga. Nikayapokea yote. January aliinua uso akanitazama, akauinamisha tena. Wakanichoma ganzi, wakakata, wakashona nyuzi tatu, wakasema majibu ni baada ya wiki mbili, na kama ni jambo baya wataangalia limefika wapi. Daktari hakuniahidi kitu. Nilimpenda kwa hilo.

Nje kuna benchi la zege ukutani. Tulikaa. January aliweka kikapu katikati yetu, na mimi hasira ikanipanda. Wiki tano nzima. Nyama ile ilikuwa inakua shingoni mwangu wakati yeye anapigilia misumari. Sikutaka kumsema mbele za watu, maana kuna waliokuwa wakimjua pale. Basi nikafanya kama nilivyozoea. Nikainamisha kichwa nikafungua sanduku langu, nikasema kwa Kimakua, taratibu, kama ninayejisemea:

"Mtoto mpumbavu. Anaona aibu kuuliza kuliko aibu ya kunizika. Na mimi naogopa, Mungu wangu. Naogopa na sina wa kumwambia."

January hakugeuka. Alikuwa anatazama lango. Akasema, kwa Kimakua, "Niambie mimi, mama. Hata mimi naogopa."

Nilimtazama kama mtu ninayemshuku wizi. Nilidhani labda Flora amemfundisha kaneno kamoja, kwa utani. Lakini matamshi hayakuwa ya Flora. Aliyavuta maneno kama mama yangu alivyoyavuta, mama ambaye January hakumkuta hai.

"Nani alikufundisha?"

"Baba. Tukiwa shambani wawili tulikuwa tunaongea Kimakua tu. Alikisikiliza misimu miwili kwa bibi. Aliniambia: mama yako akiwa na jambo la kweli hulisema kwa Kimakua, kwa hiyo tukijue, ila tusimwambie. Akijua tunasikia atanyamaza, na sisi tutaishi na mtu tusiyemjua."

Watu walikuwa wanapita mbele yetu na kadi zao. Ganzi ilikuwa inaanza kuniachia, shingo inapwita. Nikaanza kurudi nyuma mwaka kwa mwaka, nikikumbuka tulichosema uani, na kila nilipofika nilimkuta Barnaba amekaa pale, anakula, hainui uso. Nilijua ninakokwenda, kando ya kile kitanda, na nilitaka kusimama kabla ya kufika, lakini sikuweza.

"Asubuhi ile ya palizi," nikasema, "ulikuwepo nyumbani?"

"Nilikuwepo. Nilimwona amebadilika. Nikataka nikufuate shamba nikurudishe."

"Kwa nini hukuja?"

January akasogeza kikapu, akanikaribia. Alijibu polepole, kwa Kimakua kile kile cha mama yangu.

"Alinikataza. Alinishika mkono, akasema mwache mama yako. Amechoka. Mwache amalize mistari yake ya mahindi."

Nilimaliza mistari saba asubuhi ile. Nakumbuka vizuri, kwa sababu nilikuwa naimba.