Msichana Aliyerudishwa na Fisi

Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, Charline alikuwa ofisini kwake, mtaa wa Himbi, akipanga kadi za hadithi katika masanduku manne. La kwanza lilikuwa la hadithi za wanyama, la pili la mazimwi, la tatu la asili ya vitu, na la nne la zile alizoshindwa kuzitia popote. Mwaka mzima alikuwa amezunguka Goma na kinasa sauti, akiwarekodi akina mama wazee, na kumi kati ya hadithi zao zilikuwa zimeshatoka katika kitabu cha watoto wa shule ya msingi. Simu ikalia. Alikuwa Mama Nshobole wa mtaa wa Katindo, mmoja wa akina mama hao.

"Mama Charline, mutoto alirudia," alisema. "Kuja umuone. Njo ule wa mu kitabu."

Charline akachukua pikipiki.

Nyumba ya Mama Nshobole ilikuwa ya mbao, imesimama juu ya mawe meusi ya volkano. Mlangoni aliketi msichana wa miaka saba, akichambua lengalenga. Alivaa gauni la njano na soksi nyeupe ambazo hazikushika vumbi, ingawa vumbi la pale hushika kila kitu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vinne, kwa sababu mchoraji wa kitabu alikuwa na haraka. Kando yake palikuwa na kikapu cha marakuja. Charline alimtambua mara moja: ukurasa wa kumi na tisa.

"Alifika siku ya yenga, watu wakitoka misa," alieleza Mama Nshobole. "Fisi mbili zilimuleta mpaka ku barabara. Zilisalimia watu vizuri, zikarudia kwao."

Majirani nao walikuwa wamewaona. Wenye mbuzi waliwaingiza mbuzi ndani, basi. Jumatatu chefu wa mtaa alikuja na daftari lake kumwandika msichana, maana kila anayehamia lazima aandikwe. Alimwuliza jina, naye akasema anaitwa Lulu.

Charline aliposikia hivyo aliangalia chini. Jina hilo alikuwa amelitunga mwenyewe.

Hadithi aliyopewa na Mama Nshobole ilikuwa fupi. Fisi walifika kijijini wamevaa buti, wakauliza njia ya kwenda mtoni. Mama mmoja akawaonyesha, kwa sababu mgeni huonyeshwa njia. Walipokuwa wakiondoka wakamchukua mtoto wake wa kike. Hakurudi. Mama Nshobole aliisimulia huku akimenya maharage, na alipomaliza hakusema neno kwa dakika nne, na mashine ikazirekodi dakika zile zote.

Charline alikuwa ameelewa. Katika Kivu nzima, ambako vita haviishi, hakuna asiyejua fisi wa buti ni akina nani. Lakini fomu ya mradi ilikuwa na mistari mitatu tu: aina, umri wa wasomaji, asili. Akaandika: hadithi ya wanyama, miaka sita hadi tisa, asili haijulikani. Mkurugenzi wake, Muzee Edmond, alikuwa amemwambia kwamba kitabu cha mtoto hakimaliziki kwa kilio. Basi Charline aliwavua fisi buti. Aliwafanya watubu na kumrudisha msichana kwa mama yake mwema na kikapu cha matunda, naye msichana akasahau mabaya yote, akaishi kwa raha. Zile dakika nne alizikata.

"Nsimire!" Mama Nshobole aliita.

Msichana aliendelea kuchambua mboga.

"Lulu!"

"Naam, mama mwema," aliitika, kwa Kiswahili safi cha kitabuni.

Mama Nshobole alimgeukia Charline. "Unasikia? Muchana mama mwema, magaribi mama mwema. Anakula muzuri, analala muzuri. Mambo ya vita hajue hata moja, na ni vizuri asijue. Lakini jina njo ya kwake. Mimi njo nilimupa."

"Ni kosa yangu, mama."

"Sikukuita juu ya kosa." Mama Nshobole alijifuta mikono kwenye kitenge. "Nasikia mutapiga kile kitabu tena. Andika Nsimire pa fasi ya Lulu. Ni neno moja tu. Aitike hata mara moja, itanitosha."

"Nitaandika," alisema Charline. Msichana akampa marakuja, naye Charline akaila njiani. Ilikuwa tamu.

Alhamisi aliingia kwa Muzee Edmond. Nakala ya mwisho ya chapa ya pili ilikuwa mezani, ikisubiri sahihi ya Charline kwenye kila ukurasa kabla haijapelekwa kwa mpiga chapa. Muzee Edmond alikuwa amefurahi. Wageni walikuwa wanakuja kutoka Kinshasa kukipokea kitabu, na Charline angepanda jukwaani kuwaeleza namna hadithi zinavyokusanywa.

"Ile ya fisi njo wanaipenda kupita zote," alisema. "Uliipata wapi?"

Charline alifungua kinywa. Kubadilisha neno moja kulitaka kwanza aseme kwamba hadithi ina mwenyewe, anakaa Katindo, na kwamba si hadithi. Kisha angeulizwa habari za fomu, na ni nani aliyeijaza.

"Ni ya kale," alijibu. "Watu wote wanaijua."

"Hakuna kosa ya kurekebisha?"

"Hakuna, muzee."

Akatia sahihi. Alipofika ukurasa wa kumi na tisa alisikia uso ukimwaka, lakini sahihi ile ilitoka nzuri kama nyingine zote.

Jumamosi, saa sita mchana, alirudi Katindo. Alikuwa ameyapanga maneno tangu asubuhi.

"Wamekataa, mama. Nilisema sana, wakakataa."

Mama Nshobole alimsogelea. "Walikugombeza?"

"Kidogo."

"Pole, mutoto yangu. Wamekugombeza juu yangu." Alimshika mkono, akamvuta ndani. "Ikala. Hautaondoka na njaa mu nyumba yangu."

Charline alisema ameshakula, halafu akasema ana haraka. Mama Nshobole hakusikia hata moja. Alileta bugali na dagaa wa ziwani, sambaza za kukaanga, zile kubwa ambazo mtu huwawekea wageni, akaziweka zote mbele yake.

"Lulu, umumwangilie mama maji ya kunawa," alisema, na jina lile lilimtoka bila shida, kama la mtoto aliyemzaa.

"Naam, mama mwema."

Msichana akashika jagi kwa vidole vyake vinne, akamwaga maji polepole, bila kumwaga tone chini. Charline alinawa. Kisha alikula, na kila sahani ilipoanza kuonyesha rangi yake, Mama Nshobole alimwongezea.