Kiti cha Nyuma ya Dereva

Alitokea upande wa kijito, mahali pasipo na njia, koti la mvua limefungwa hadi kidevuni. Kabla hatujamsalimia, alikuwa amekwisha kuweka kiganja juu ya boriti ya daraja tuliyokuwa tumeing'oa.

"Mmelivunja," alisema.

"Limeoza, mama," nikamjibu. "Tunajenga jipya."

Maureen, dereva wetu, alicheka huku akifuta grisi mikononi. "Usimwogope huyu, mama. Ana digrii, lakini hata nyundo anaijua."

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi. Kila Jumapili nilikwenda kwenye bustani ya mji wetu, kule Yorkshire, kuungana na watu wanaojitolea kuendesha reli ndogo: injini ya mvuke inayokufika kiunoni, na mabehewa unayoyakalia kama farasi. Baba aliyaita mambo hayo machezo. Mimi niliamini, na ninaamini hadi leo, kwamba watu wanaojenga kitu bila malipo ili mtoto wa mwenzao acheke, wanafanya kazi kubwa.

Mgeni alijitambulisha: Edith Sugden. Daraja la zamani lilijengwa na kaka yake, Wilfred. Kwenye reli yetu kuna desturi: treni ya kwanza inapovuka, aliyejenga hukaa nyuma ya dereva. Asubuhi ya siku yake ya kuvuka, Wilfred aliamka maiti. Wenzake hawakutaka kuwavunja moyo watoto, wakampa kiti mtu mwingine.

"Tangu hapo anangoja," alisema, kama mtu anayelalamikia basi lililochelewa. "Safari hii mwachieni nafasi yake. Niahidi, kijana."

Nilimwahidi. Ilikuwa rahisi, daraja lenyewe bado lilikuwa rundo la mbao. Aliondoka kwa kufuata kijito, na Maureen hakuwa na utani tena.

Tulijenga majira yote ya baridi, vidole vikifa ganzi. Siku ya kulijaribu nilijibanza chini ya daraja na kipimo chenye sindano, kinachoonyesha boriti inapinda kiasi gani. Injini ikapita na Maureen, sindano ikashuka. Likafuata behewa la nyuma yake, tupu na jepesi. Sindano ilipaswa kupanda, lakini ilibaki chini, kana kwamba juu yangu ameketi mtu mzima. Kisha behewa likapita, na sindano ikarudi taratibu mahali pake.

"Rudia!" nikapaza sauti.

Tulirudia. Tukaazima kipimo kingine. Yakawa yale yale.

"Daraja ni imara, au si imara?" akauliza Norris, mwenyekiti wetu.

"Ni imara."

"Basi toka huko chini, tunywe chai."

Siku ya ufunguzi baba alikuja. Hakuwa amewahi kukanyaga pale. Alikuwa amevaa tai, na shingoni amening'iniza kamera aliyoazima kwa jirani. "Nimemwambia kila mtu ndani ya basi," alisema, akitazama viatu vyake. "Kwamba mwanangu ndiye aliyejenga, na ndiye atakayevuka wa kwanza."

Nilimtafuta Edith kwenye umati. Hakuwepo. Kiti cha nyuma ya Maureen kilikuwa wazi; vingine vyote vilijaa watoto waliofungwa skafu hadi puani.

"Panda, bwana mjenzi!" akaita Norris.

"Kiacheni kitupu."

Alinisogelea. "Acha mambo ya yule bibi, bwana. Hata hakuja! Treni ya kwanza ni mara moja tu, na mzee wako huyo hapo. Nani atajua?"

Nilimtazama baba, aliyekwisha kuinua kamera na kufumba jicho moja. Nilikitaka kiti kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

"Nilimwahidi," nikasema, nikarudi nyuma hadi alipokuwa baba.

Aliishusha kamera. "Kwani hupandi?"

"Kina mwenyewe, baba."

Alinitazama, kisha akakitazama kiti.

Norris akainua bendera ya kijani. Kwenye injini, bila kugeuka, Maureen alijisogeza mbele kidogo, kama dereva anavyofanya abiria wa nyuma anapohitaji nafasi ya magoti. Ndipo akaondoa treni.