Herufi Mbili za Chiriku

Fulana arobaini nilizimaliza Alhamisi mchana, na mchana huohuo Mwenyekiti wa mashabiki wa mwimbaji Chiriku akaja kuzichukua pamoja na Katibu wake, ambaye ni kinyozi. Mwenyekiti alikunjua ya kwanza, akaisoma, akaiweka chini. Akakunjua ya pili. Ya tatu hata hakuimaliza.

"Fundi, huyu binti yako kasoma mpaka wapi?"

Fundi alinitazama. Mimi nikatazama pedali ya mashine.

"Darasa la tano," alisema Fundi. "Kwani vipi?"

"Nilijua tu! Nilimwandikia kwenye karatasi NISUBIRI, yeye kadarizi NISITIRI. Zote arobaini! Jumamosi tunamkumbuka marehemu, mama yake mzazi atakuwepo. Atatuonaje?"

Uso uliniwaka moto. Sikuwa nimekosea kusoma. Neno lile nililidarizi kwa makusudi, kwa sababu ndilo Chiriku aliloimba, na nilikuwa nimeshindwa kumwambia mtu. Nilidhani wakiliona kwa macho watashtuka wenyewe, waseme, kumbe! Mwezi mzima sasa tangu afe, wimbo ule unapigwa kila mlango, na kila mtu anaimba "nisubiri". Kwenye rekodi ngoma inadunda katikati ya neno, kwa hiyo anayesikiliza anasikia anachotaka.

Nikajikaza. "Mama Mwenyekiti, si kosa. Anasema nisitiri."

"Nani anasema?"

"Marehemu."

Kinyozi akacheka. "Haya, mtunzi wa wimbo kajitokeza." Akatoa simu, akaupiga. *Nis*, ikasema simu, *dum*, *iri*. "Umesikia? Nisubiri."

"Nimesikia nisitiri."

Akaurudia mara tatu, na kila mara kila mtu alisikia lake. Fundi alipoombwa aamue, alisema masikio yake yameliwa na mashine miaka ishirini, wasimwingize.

"Halafu mtu mwenyewe amekufa," nikasema. "Mkivaa 'nisubiri', si mnamwambia awasubiri huko? Mnakwenda lini?"

Lilinitoka tu. Fundi aligeukia ukutani akajifanya anakohoa.

"Kumbe una mdomo," alisema Mwenyekiti.

Basi nikaona nimeshaharibu, bora niseme yote. Nikawaambia kwamba Chiriku aliwahi kuja hapa, kabla hajajulikana, siku ambayo Fundi alikwenda kununua uzi. Aliingia kinyumenyume, mikono yote miwili imeshika makalio. Suruali ilikuwa imepasuka nyuma kutoka juu mpaka karibu na goti, na baada ya saa moja alitakiwa kuimba harusini. Akajitosa nyuma ya pazia la kupimia nguo, akanirushia suruali, akasema, "Dada, nisitiri." Wakati nashona, aliendelea kulisema neno lile kule nyuma, mara juu, mara chini, huku akigonga ukuta kwa vidole. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Mwaka uliofuata nikalisikia redioni.

Sikuwahi kuongea maneno mengi kiasi kile mbele ya wateja.

"Tangu afe," alisema Kinyozi, "nimeshakutana na watu kumi na watatu waliomwazima gitaa. Sasa na suruali nayo."

Lakini Mwenyekiti alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nyamaza wewe. Hadithi tamu hii." Akanisogelea, akanishika bega. "Mdogo wangu, Jumamosi utapanda jukwaani, uisimulie hivyohivyo. Usiogope, nitasimama nawe. Mama yake atalia, na watu wote watalia."

Nilihisi kifua kinafunguka. Mimi, jukwaani, na mama yake ananisikiliza.

"Ila pale pazuri," aliendelea, "useme alikuambia, 'Dada, nisubiri.' Yaani usifunge duka, yuko njiani anakuja. Inaingia vizuri kabisa."

"Lakini hakusema hivyo."

"Neno moja tu, jamani."

"Si ndilo hilohilo moja."

"Herufi mbili!" alisema Kinyozi. "Unatugombeza kwa herufi mbili?"

Nilitamani kumrushia boksi la vifungo. Kama nilichokisema ni uongo, kwa nini wanakitaka? Na kama ni kweli, kwa nini wanakitengeneza?

"Sitasema," nikajibu. "Mtafute mwingine."

Mwenyekiti aliondoa mkono begani mwangu. Akamwambia Fundi fulana zote zirekebishwe kabla hawajaondoka, naye Fundi, bila kunitazama, akanisukumia rundo na wembe wa kufumulia. Wakakaa kwenye benchi kunilinda. Kinyozi akauwasha tena wimbo, wakawa wanauimba taratibu, vibaya, huku wakitikisa vichwa kwa huzuni.

Nikaanza na ile I inayofuata S, ikatoka. Ile T haikutoka upesi. Nilikuwa nimeipitishia uzi mara mbili.