Pahali pa Joto Nyuma ya Kiti

...na bado amelala, nimemuwekea kidole chini ya pua na pumzi inatoka, kidogo tu lakini inatoka, ni usingizi Godelive, ni usingizi tu, mutoto wa miezi saba analala asubui, wote wanalala, hata wa Euphrasie jirani yetu kule Kasha analala mpaka mama yake anamaliza kufua, lakini wa Euphrasie ukimugusa shavu anakunja uso, na huyu wangu sijamugusa, naogopa kumugusa, nikimugusa na asikunje nitafanya nini, nitapiga kelele hapa garaji mbele ya wanaume na Venant atasema, muone bibi yangu na woga wake... chini ya gari inaonekana miguu ya fundi, Papa Télesphore, peke yake, viatu bila kamba, na sauti yake inatoka kule kama ya mutu aliye ndani ya pipa, "Mwalimu, leta ufunguo ya vingt-deux, ya makumi mbili na mbili, hii sonde ya bomba inakatala kufunguka," na Venant wangu, mwalimu wa jiografia, mikono ya shati imekunjwa, anapekua sanduku ya vyuma na kutoa ufunguo ambao siyo, "Hii?" "Ile ni dix-sept, kumi na saba, mwalimu, unafundishaka watoto hesabu kweli?" na wanacheka wote wawili, wanacheka, na miye nimekaa juu ya tairi na Delphine kifuani na mvua inapiga mabati, tangu jana haijakoma, na ndiyo sababu leo tena nilimulaza kwenye kitunga, nyuma ya kiti, nilijua hatupandi Nyantende kwa mama-mukwe, nilijua tunashuka garaji tu, safari ya nusu saa, nikasema mbali na yule muzee hakuna kitakachomupata, na sasa tazama, tumeshuka na mutoto kichwa kinalegea, mashavu mekundu, vilevile kama Nyantende, lakini leo hatukufika Nyantende... leo hatukumuona... usifikiri hiyo, Godelive, sikiliza wanaume, wanasema juu ya gari, gari tu, hii gari ya wamisionari Waamerika walioiacha walipokimbia mwaka ule askari walipora muji, ikawa yetu, na mutaa muzima ukatoka kuiangalia, na miye ndiye niliyeona kile kikaratasi karibu na mulango wa essence, mafuta ya gari, kimeandikwa Kiingereza, miaka mbili ya Kiingereza kwa masista iliniachia hiyo, nikamusomea Venant, gari inataka essence isiyotiwa madini ya risasi, isiyotiwa kabisa, akacheka mpaka akashika mbavu, "Bukavu muzima inakunywa essence ya bidon, ya barabarani, na yeye atachagua kama nani?" na tundu la kutilia lilikuwa dogo, Waamerika walilifanya dogo makusudi, basi tukatafuta murija mwembamba wa kopo tukamimina, mwaka na nusu tunamimina, na kumbe kila bidon, na risasi yake, ilikuwa inaua ile kitu iko katikati ya bomba ya moshi, katalizeri, shemeji Gaston ametuma mpya kutoka Brussels, ndani ya koli, muzigo wa sista mumoja, imefungwa na magazeti, pamoja na sonde mbili ndogo za kunusa moshi, mashini ambayo ina pua, nilicheka nilipoziona, gari ina pua... na miye sina? "Inatoka! Pole pole... shika hapa mwalimu, iko nzito," chuma kinaanguka juu ya saruji, nimeruka, Delphine hajaruka. Hajaruka. Kelele ile yote na hajaruka, mama yangu, muguse Godelive, muguse sasa... "Muone ndani," Papa Télesphore anasema, "hapa ilikuwa kama sega ya nyuki, vitundu vidogo vidogo, moshi inapita inasafishwa, sasa imeyeyuka imekuwa jiwe, moshi ikikosa njia inafanya nini? Inarudi. Inatafuta mulango yake," na Venant anasema ndiyo maana ilikuwa haina nguvu kwenye mupando wa Nyantende, na Papa Télesphore anasema, "Nguvu ni kitu kidogo, mwalimu, gari ilikuwa inawaka moto huku chini, joint, kiungo ya bomba, imepasuka, na huku juu chuma imekula kutu, tundu inaingia ngumi yangu, moshi ilikuwa inapanda ndani hivi hivi," na Venant anauliza, "Ndani wapi?" na najua, kabla hajajibu najua, viganja vyangu vinajua, "Nyuma ya kiti ya maman, hapa chini ya tapi." Pale. Pahali pangu pa joto. Nilipapata miye mwenyewe, mwezi wa kumi, mvua ya kwanza, mutoto anakohoa, nikashusha mukono nyuma ya kiti na ile tapi, zulia ya chini, ilikuwa vuguvugu kama tumbo ya kuku anayelalia, nikafurahi, nikasema Mungu ni mwema, hata gari inamupenda mutoto, nikaweka kitunga pale, na vioo tukafunga, kila Jumapili tukafunga, na alikuwa analala vizuri, nilijisifu kwa Euphrasie, Delphine halii garini hata kidogo, wa kwenu wanalia, wangu halii... na kule juu tukifika anatapika, macho hayasimami, na mama-mukwe, mama ya Venant, Cibalonza, anatoka na mikono imejaa udongo ya shamba, hata hajanawa, ananinyanganya mutoto, ananinyanganya kweli, anamuweka mugongoni na kutembea naye kwenye upepo, kati ya migomba, kwenda na kurudi, akisemasema Mashi, lugha ya kwao, kwenye kichwa cha mutoto, na miye nimesimama na viatu vyangu vya kisigino ndani ya matope nikihesabu hayo maneno, kwa sababu Mashi yangu ni ya mujini, sikamati yote, na nikasema moyoni anamufunga kwa uchawi, anamufunga mutoto wangu mbele ya macho yangu, kwa sababu alitaka Venant aoe binti ya kwao, na jioni mutoto anaamka, anacheka, na hiyo pia nilihesabu, nikasema mwenye kufunga ndiye anayefungua. Lakini alisema kitu kimoja nilichokamata. Jumapili ya kwanza. Alimunusa mutoto shingoni, akaniangalia, akasema kwa Kiswahili, ili nisikie, "Huyu ananuka moshi. Mutoto iko wa mugongo, siyo wa kitunga," na nilichukia, nilichukia mpaka masikio yaliwaka, nilifikiri anasema jiko langu chafu, anasema sijui kulea, miye niliyesoma mpaka la sita, na kwenye njia ya kurudi nikamuambia Venant, mama yako anakula mutoto wetu, uchague, nilisema hivyo, anakula, na akabadilisha vitesse, gia ya gari, na Jumapili tatu hatujapanda, na Jumapili tatu mutoto alikuwa muzima, unaona Venant, nilimuambia, unaona sasa, tukikaa mbali naye mutoto ni muzima! na akaona, aliamini, uso wake umekonda kwa kuamini, na mama yake alituma maharage na swali moja tu, nimekosa nini, na miye nilipika maharage lakini swali sikumufikishia Venant... muguse sasa, Godelive, acha kuhesabu, muguse, hapa, chini ya jicho, na kucha, kidogo... amekunja. Amekunja uso! Mama, amekunja, anatafuta na mudomo, chukua, nyonya, nyonya Delphine wangu, ndiyo, anavuta vibaya lakini anavuta, nimemuweka kichwa nje ya mabati hata mvua imunyeshee kidogo, hewa, hewa tu, na nanusa shingo yake kama mama-mukwe alivyonusa, na iko hapo, kavu, chungu kidogo, kama mudomo wa bomba ya moshi, kila Jumapili ilikuwa hapo na niliipaka marashi juu yake... "Hii mpya nayo itakufa, mwalimu, mukiendelea na essence ya bidon. Miezi sita. Nikuambie ukweli," Papa Télesphore anasema, na Venant, "Miezi sita ni mingi, papa, hapa nani anahesabu miezi sita," wanacheka tena, "Na ile tundu?" "Soudure ya kuziba chuma haiko leo, courant, umeme, imeenda. Nitaweka kartoni na goudron, lami, tapi juu yake, mutu hataona. Mwezi ujao unarudi." "Basi weka kartoni, papa, tutafungua vioo kidogo," anasema Venant, bwana yangu, anayemupenda huyu mutoto kunipita, anasema kartoni, kwa sababu yeye hajui, kwake ni gari, tundu ni tundu, hajaweka pamoja tundu na kitunga na mashavu mekundu, wanaume hawajui nyuma ya kiti kunawekwa nini, anayejua ni mimi, katika dunia nzima mimi peke yangu, na nikinyamaza kartoni itawekwa, na tapi juu yake, na mama yake atabaki muchawi mpaka afe, na itakuwa rahisi, hiyo ndiyo inaniogopesha kuliko moshi, itakuwa rahisi sana, nitasema tu sasa nimembeba mapajani, nimebadilisha mawazo, na hakuna atakayeuliza... hapana, lakini mapajani pia moshi inafika, kartoni itaungua, gari haiendi leo, hatupandi ndani yake, tutatembea, Kasha kwa miguu na mvua hii, na kesho Nyantende kwa miguu, mutoto mugongoni, na nitafika nikiwa nimechoka na nitasema mbele yake, mbele ya Venant, sijui nitasema namna gani, kwa lugha gani, samahani ya neno kama lile inasemwa na midomo gani... "Maman!" Papa Télesphore ananiita kutoka chini, "Maman, angalia ndani, mulango ya nyuma iko wazi, mwalimu ameshika bomba hawezi, unaona kidole yangu?" na naangalia, tapi imekunjwa, na pale, kati ya kutu, pahali pa kichwa chake kabisa, kinatoka kidole kimoja cheusi cha mafuta, kinacheza, kinaniita, "Unaona?" "Naona, papa." "Kubwa, eh?" "Kubwa," nasema, na Venant anageuza kichwa kwa sababu sauti yangu imekuwa nyingine, "Godelive? Kuna nini?" na mvua haijakoma, na bomba iko ndani ya mikono yake, na Delphine anavuta, anavuta sasa vizuri, na midomo yangu imefunguka, "Venant, ni miye nilikuwa namulazaka mutoto hapo."