Wimbo Mpya wa Mwalimu Bazilio

Mwalimu Bazilio, katekista wa kigango kimoja upande wa Titye, alikuwa na wimbo mmoja tu, na mwenyewe hakujua. Aliamini ametunga nyimbo chungu nzima. Kumbe alikuwa ameishika sauti moja aliyofundishwa misheni ujanani, akawa anabadilisha maneno: Krismasi mtoto kazaliwa, Kwaresima tutubu, Pasaka kafufuka, sauti ile ile, inapanda pale pale na kushuka pale pale. Waumini walisinzia. Mkewe Esteri alisinzia mapema kuliko wote, maana nyimbo hizo alikuwa ameshazisikia nyumbani.

Padre, Mzungu mzee aliyekijua Kiha kuliko vijana wengi wa shule, alimwita pembeni siku moja baada ya misa.

"Mwalimu, nitarudi kwa misa ya mavuno. Nikikuta watu wamelala tena, kwaya nitampa mtu mwingine."

Maneno hayo yalimkata maini. Mnyang'anye Bazilio kwaya, anabaki nani? Mkulima wa mihogo mwenye tai, basi. Akakaa siku kadhaa akitafuta sauti mpya kichwani, na kila alichokipata kilikuwa kile kile cha zamani kimevaa kofia.

Ndipo alipopita karibu na shamba la kijiji, ambako akina mama walikuwa wanapura maharage na kuimba. Wimbo ulikuwa mtamu ajabu! Mmoja, Maximilla, mjane mwenye sauti ya kuvuka mabonde, alianzisha, wenzake wakaitikia kwa fimbo, pu, pu, pu, wakacheka, wakaanza upya. Bazilio akasogea asikie vizuri. Walipomwona tu, kimya.

"Wananiheshimu," akajisemea, akafurahi.

Kesho yake akajificha kwenye mihogo, mbali kidogo, katekista mzima amechuchumaa na tai yake. Maneno yalipotea na upepo, lakini sauti aliinasa yote. Maneno angeyakosaje, na yeye ndiye fundi wa maneno?

Kwaya yake ilikuwa ya wanaume watupu, kwa amri yake mwenyewe, kwa kuwa aliona wanawake wanavuta sauti mno. Na wanaume wa kijiji kile kwenye kupura maharage hawakanyagi. Basi wakajifunza wimbo bila wasiwasi wowote. Nyumbani alipoujaribu mbele ya Esteri, mama wa watu alishika mdomo, akatoka mbio kwenda uani, mabega yakimtikisika. Bazilio aliona mke wake ameguswa hadi kulia.

Siku ya misa ya mavuno kanisa lilijaa. Ulipofika wakati wa matoleo, watu wakipanga foleni na maharage na ndizi zao, Bazilio aliwapa waumini mgongo, akainua mikono, kwaya ikaanza: "Twakuletea, Bwana, jasho letu."

Nyuma yake akasikia minong'ono, halafu kama watu wanakohoa. Walipofika kwenye kiitikio, upande wa akina mama ukaitikia wenyewe, kwa nguvu, na makofi juu. Bazilio akajaa furaha hadi macho yakamlenga machozi. Roho ameshuka! Akapunga mikono kwa mbwembwe zaidi, akipanda juu ya vidole vya miguu.

Ndipo bibi mmoja asiyesikia vizuri, aliyezoea maneno ya shambani, akayatoa kwa Kiha, wazi kabisa:

"Jogoo wa Bazilio ana mlio mmoja! Jana ule ule, kesho ule ule! Mpeni mtama akohoe!"

Wanaume wa kwaya wakanyamaza. Mikono ya Bazilio ikabaki hewani. Alitamani ardhi ipasuke, na ikichelewa, basi apite dirishani. Aligeuka, akamwona Esteri amejifunika khanga uso mzima. Lakini hakuna aliyesinzia. Hata mmoja. Watoto walikuwa wamesimama juu ya mabenchi, wazee wanapiga makofi, na matoleo yanakwenda mbele kwa kucheza. Miaka yote ile alikuwa ameomba akione kitu hicho, na sasa kimekuja kikimtukana.

Akainua tena mikono, akaendelea kuwaongoza.

Baada ya misa Padre alimjia anapangusa macho. Kama alikuwa ameusikia ubeti wa bibi au hakuusikia, uso wake haukusema.

"Mwalimu, wimbo huu nani katunga?"

Akina mama walikuwa wamesimama pale pale. Bazilio alijua wangemfichia, kwa aibu ya mbele ya Padre. Ulimi ulikwisha kujiandaa kusema "mimi."

"Akina mama hawa," akasema. "Mimi ni yule jogoo."

Padre alicheka hadi akashika ukuta. Kuhusu kumtafuta mtu mwingine wa kwaya, hakusema tena.

Bazilio akamgeukia Maximilla.

"Mama, njooni kwenye kwaya. Nyote. Na mnifundishe beti za wimbo wenu, hata hizo za kunicheka."

"Tutakuja, Mwalimu. Ila beti ni nyingi, hatujazimaliza."

"Hamjazimaliza kwa nini?"

Maximilla akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Tutazimalizaje, na wewe kila Jumapili unatupa nyingine?"